Mizani ya Komamanga na Mchunga

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko barabara, palikuwa na mji uitwao Kitangani, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwidani. Alikuwa mtu mwema, mshika sala, mkarimu siku za Idi, ila alikuwa na ila moja: akishapenda kitu hutaka kila mtu akipende, na akishakidharau hataki kukiona hata kivuli. Nasi tusimcheke upesi, maana wangapi katika sisi hatuna ila hiyo? Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na amri, sisi tuna midomo tu.

Basi katika mji huo alikuwako fukara mmoja jina lake Mshangama. Hakuwa na shamba wala duka wala kanzu ya pili. Akiifua aliyo nayo hujifungia ndani mpaka ikauke. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu aliyashika maneno kama yalivyotoka kinywani. Siku moja jirani yake alimwambia, "Nitazamie ng'ombe wangu mpaka nirudi," naye akakaa akamkodolea macho ng'ombe kutwa nzima, na huku nyuma mwizi akafungua mbuzi wawili akaenda zake. Jirani aliporudi akapiga ukelele. Mshangama akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, ng'ombe si huyu hapa? Mbuzi hukunitajia." Wajinga walicheka wakasahau. Wenye akili, tangu siku ile, walianza kuyapima maneno yao kabla ya kumtuma.

Mshangama alilelewa na shangazi yake, Bi Kirembwe, mjane mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Chakula chao kilitoka katika weu, kile kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya mji, kisichokuwa na mwenyewe. Mvua ikinyesha siku tatu, weu wote huota mchunga, na asubuhi wajane na maskini huenda na vikapu vyao wakachuma. Mchunga ni jani chungu, kila mtu ajua. Lakini Bi Kirembwe alijua kuupika: huuchambua, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaukamua kwa viganja mpaka uchungu ukatoka wote isipokuwa ule kidogo unaofaa, kisha akauunga kwa tui la nazi. Nyumba arobaini za Kitangani ziliishi hivyo, wakala wakashiba, wakamshukuru Mola.

Ikawa mwaka mmoja Sultani akaugua, akakonda, hata pete zikawa zinamtoka vidoleni. Tabibu wake, Dhulkifli, mtu wa kilemba kikubwa na vitabu vikubwa kuliko kilemba, akaagiza makomamanga kutoka nchi za mbali, akamlisha mawili kila siku. Siku ya arobaini Sultani akaketi, akaomba kioo, akacheka. Basi furaha ikampanda kichwani, akanena, "Nguvu yote iko ndani ya komamanga! Weu ule ulimwe wote, upandwe mikomamanga, na yale majani ya mbuzi yang'olewe yasionekane tena. Jumamosi majembe yaingie!"

Mpiga mbiu akapita mitaani akiyanadi hayo, na Bi Kirembwe aliposikia akaangusha mwiko.

"Mshangama! Umesikia? Mkomamanga ukipandwa leo utazaa lini?"

"Miaka mitatu, shangazi. Ukipenda kuzaa."

"Na hiyo miaka mitatu tutakula nini? Mbiu?"

Basi wanawake wakafanya shauri, wakaenda kwa Sultani, na Bi Kirembwe ndiye aliyesema kwa niaba yao. Akasema mchunga umelea watoto wao, umewatoa homa, umewapa kina mama maziwa. Tabibu Dhulkifli akacheka ndani ya ndevu zake, akasema kwamba punje moja ya komamanga ina nguvu kuliko kapu zima la majani. Bi Kirembwe akamjibu, "Wewe umepima wapi, bwana tabibu?"

Sultani hakutaka kuitwa dhalimu. Akafikiri, akanena, "Haya, na ipimwe. Alhamisi nitaweka mizani hapa. Na aje mtu wenu anipimie: si uzito wa tunda, wala uzito wa jani, bali nguvu yenyewe iliyomo ndani. Nguvu ya mchunga ikizidi, weu nauacha milele. Akishindwa kupima, Jumamosi majembe yanaingia, wala nisisikie tena kilio cha mtu."

Wanawake wakarudi wameinamisha vichwa. Ni nani awezaye kuitoa nguvu ndani ya jani akaitia katika kitanga cha mizani? Walimwendea mwalimu wa chuo, akasema ana mafua. Walimwendea mfanya mizani, akasema kazi yake ni shaba. Mwisho Bi Kirembwe akamtazama mpwawe aliyekuwa akingoja kanzu ikauke, akasema, "Basi utakwenda wewe. Mpumbavu akishindwa si ajabu kwa mtu yeyote."

"Shangazi, hiyo ni heshima au ni tusi?"

"Vaa kanzu, imekauka."

Alhamisi asubuhi baraza likajaa. Sultani akaletwa kwa machela, kile kitanda cha kubebwa mabegani, kimechukuliwa na hamali wanne. Kwani tangu apone tabibu alimkataza kukanyaga chini, asije akapoteza nguvu alizozila. Hamali wakamteremsha, wakaiacha machela mlangoni, wakasimama ukutani wakijifuta jasho. Mbele ya Sultani ikawekwa mizani ya sonara, ndogo, nzuri, yenye vitanga vya fedha, na sinia la makomamanga saba mekundu. Mshangama akaingia na tita la mchunga lililofungwa kwa ukili, akapiga goti.

"Wewe ndiye mpimaji?" akauliza Sultani.

"Ndimi, Maulana. Lakini kabla sijashika mizani ya haki, yanipasa nikiri makosa yangu, nisije nikaihukumu mboga hali mimi mwenyewe nimeoza."

"Kiri, lakini kwa ufupi."

"Juma hili alfajiri imenipita mara mbili nimelala. Jana nilimsengenya bwana tabibu, nikasema kilemba chake kinaweza kufunika mtungi. Na kuku wa jirani aliingia kwetu juzi, nikamwambia kuku yule arudi kwao, lakini sikumwambia kwa sauti kubwa."

Watu wakaziba vinywa. Sultani akajizuia asicheke, akasema, "Mungu ni mwingi wa msamaha. Haya, pima."

Mshangama akachukua komamanga moja, akalizungusha mkononi. Kwa kweli alikuwa amekuja na hila moja tu, tena haikuwa nene.

"Maulana, nasikia ukila tunda hili hujifungia chumbani peke yako, ukatandaza kitambaa cheupe, na mtu akibisha humfungulii, hata akiwa mama watoto wako. Je, ni kweli?"

Sultani akakohoa kidogo. "Ni kweli. Huijui ada? Wazee wetu wametuambia kwamba katika kila komamanga mna punje moja itokayo Peponi. Ukimgawia mtu, pengine umempa hiyo hiyo. Ukiangusha moja, pengine ndiyo hiyo. Kwa hiyo hulila mwenyewe lote, na sibakizi."

"Naam. Na bwana tabibu akubali?"

"Nakubali," akasema tabibu, "hata mtoto mdogo anajua hilo."

"Basi, bwana tabibu, nifunulie mimi mjinga. Nguvu iliyomponya Maulana ilikuwa katika ile punje moja, au katika zile nyingine?"

Tabibu akashika ndevu zake. Akisema ni ya ile moja, komamanga lake lote limekuwa maganda. Akisema ni ya zile nyingine, ameidharau Pepo mbele ya kadhi, na kadhi alikuwa ameketi pale pale, amekwisha kuinua unyusi mmoja. Basi tabibu akasema, "Nguvu... imechanganyika."

"Ndiyo shida yangu," akasema Mshangama. "Mchunga huu ni wa weu. Shangazi yangu ameuchuma kwa mkono wake, na hajaona jani la Peponi hata moja. Si haki kushindanisha mmea wa duniani na tunda lililoletewa msaada kutoka Akhera. Naomba punje ile itolewe kwanza, kisha nipime zilizobaki."

Kadhi akatikisa kichwa akasema, "Hapo amenena." Sultani naye, asiyetaka kuitwa dhalimu, hakuona pa kutokea. Akatoa amri, kitambaa cheupe kikatandazwa, na tabibu akaanza kupasua komamanga na kuzipanga punje moja moja. Akaitazama hii, akainusa ile, akaishika nyingine akaielekeza kwenye jua.

"Nadhani ni hii," akasema, "imeiva zaidi."

"Una hakika?" akauliza Mshangama. "Nasema tu. Ukiitoa hiyo na kumbe siyo, ile yenyewe tutaiweka kwenye mizani ya sonara kama kipuli."

Tabibu akairudisha upesi, na ule mkono mrefu wa joho lake ukazoa punje nne au tano zikabingirika sakafuni.

"Punje!" akalia Sultani. "Mtu asiinue mguu!"

Loo! Baraza zima likapiga magoti. Kadhi akaingia chini ya meza, waziri akafunua mikeka, walinzi wakaweka mikuki chini wakatambaa. Mmoja akasema, "Nimeipata!" kumbe ni ushanga. Mwingine akasema, "Hii hapa!" kumbe ni kidole cha mwenzake chenye hina. Sultani mwenyewe aliinuka akainama nyuma ya kiti chake, akapapasa, akatoka na vumbi puani na punje mbili mkononi. Zikapatikana tatu. Nyingine, ikiwa zilikuwapo nyingine, Mungu ndiye ajuaye zilikokwenda, na ikiwa mmoja wao ndiye aliyeikanyaga ile, Mungu amsamehe.

Sultani akaketi akihema. Sasa hasira ilikuwa imeingia mahali pa kicheko.

"Inatosha, Mshangama! Nimekuita upime, sikukuita unitambaze mbele ya raia zangu. Punje na ibaki au itoke, sijali. Nguvu! Nataka nguvu iwekwe mizanini sasa hivi. Ama sivyo, toka, na kesho kutwa weu unalimwa."

Ile hila ikawa imekwisha. Mshangama akamgeukia shangazi yake aliyesimama mlangoni na wenzake; Bi Kirembwe hakusema neno, na mtu aliyezoea ulimi wa shangazi akiuona umelala hujua hali ni mbaya. Mshangama akaona aibu, akaona wale akina mama na vikapu vitupu, akasema moyoni, "Ee Mola, nimejivuna kwa ujanja wa kuazima. Nionyeshe."

Basi akiwa anatupa macho huku na huku kama mtu aliyepotewa na sindano, akamwona hamali mmoja pale ukutani, pande la mtu, akijichokoa meno kwa kijiti. Na katika meno yale palikuwa na kitu cha kijani.

"Kaka," akamwita, "jina lako nani?"

"Naitwa Nguzo."

"Asubuhi umekula nini, kaka Nguzo?"

Hamali akamtazama Sultani kwa hofu, akasema, "Mchunga, na ugali wa mtama. Tumekula sote wanne. Bi Kirembwe katuuzia pale pembeni."

"Na jana?"

"Jana? Mchunga."

"Na komamanga mmepata kula?"

Hamali wakacheka wote kwa pamoja. "Sisi? Tunayabeba tu!"

Mshangama akageuka, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia. "Maulana, nisaidie neno moja. Mizani hukata vipi? Kipi hupanda na kipi hubaki chini?"

"Swali la mtoto. Kilicho chepesi hupanda juu. Kilicho kizito hubaki chini."

"Hukumu hiyo ni yako?"

"Ni ya mizani zote za ulimwengu."

"Al-hamdu lillahi. Basi mizani ya sonara ni ndogo mno kwa shauri hili, lakini iko kubwa pale mlangoni. Nguvu ya makomamanga themanini iko mwilini mwako. Tabibu ndiye aliyeitia, tena akakukataza kutembea isije ikamwagika hata tone. Nguvu ya mchunga iko miilini mwa hawa. Naomba ukae ndani ya machela, na haya makomamanga sita yaliyobaki uyapakate, ili upande wako usipunjwe."

Sultani alikuwa mtu wa kupenda kujua mwisho wa jambo. Akaingia machelani, akapakata sinia.

"Kaka Nguzo, inueni."

Hamali wakasema "Haya, twende!" wakainua mara moja, machela ikapanda mabegani, kilemba cha Sultani kikakaribia boriti za dari.

"Maulana," akasema Mshangama akiangalia juu, "nani amepanda?"

"Mimi," akajibu Sultani kutoka huko juu.

"Na nani amebaki chini?"

Sultani akachungulia ukingoni mwa machela, akaviona vichwa vinne vya hamali, na meno ya Nguzo yenye jani.

Tabibu Dhulkifli akaruka. "Hiyo ni hila tupu! Wao ni wanne, naye ni mmoja! Mizani gani ya namna hiyo?"

"Bwana tabibu amesema kweli," akasema Mshangama, "nami nakiri kosa langu mbele ya kadhi. Basi tugeuze. Hamali mmoja tu akae ndani, kaka Nguzo huyu. Nanyi mlao makomamanga shikeni miti: Maulana mbele, wewe tabibu nyuma, bwana waziri kulia, na bwana kadhi, kama naye amepata kuonja, kushoto. Mkimwinua, weu ni wenu."

Tabibu akamtazama Nguzo. Akayatazama mapaja yake. Nguzo, kwa kumsaidia mtu kufikiri, akajinyoosha, mgongo ukalia. Basi tabibu akarudi akaketi taratibu, akaanza kurekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro.

Pale ndipo kicheko kilipomshika Sultani. Alicheka mpaka machela ikayumba, makomamanga yakabingirika kutoka siniani moja baada ya jingine, na safari hii hakuna aliyepiga magoti. Akasema, "Niteremsheni, niteremsheni, nisije nikawa mwepesi kuliko nilivyo!"

Aliposhushwa akafuta macho, akanena mbele ya wote, "Mizani imekata. Weu uachwe kama ulivyo, majembe yarudi ghalani, na kadhi aandike hivyo." Wanawake mlangoni wakapiga vigelegele hata njiwa wa paani wakaruka. Kisha Sultani akasema, "Lakini niambie kweli, Mshangama, hili komamanga halina kitu?"

"Hasha, Maulana. Limekuinua kitandani, nani atakayekana? Mungu amelitia dawa yake kwa ajili ya mgonjwa. Lakini mtu akishainuliwa kitandani, kuna chakula cha kumwinua mguu. Mola hakukiumba hiki ili akitukane kile. Sisi ndio tunaovigombanisha."

"Na wewe wajua kuutetea mchunga! Yaonyesha waupenda sana."

Mshangama akainama, masikio yakamwiva.

"Maulana, sitaki kutoka hapa na uwongo. Siupendi hata kidogo. Tangu utoto unanikunja uso. Shangazi akinipakulia tena, mimi husema nimeshiba."

"Nilijua!" akafoka Bi Kirembwe kutoka mlangoni. "Nilijua! Na ule unaokutwa chini ya mkeka huuficha panya, sivyo?"

Baraza likavunjika mbavu. Sultani akauliza, "Basi kwa nini umejitia katika hatari kwa kitu usichokipenda?"

"Kwa sababu nakila, Maulana. Kinywa changu hakiupendi, lakini miguu iliyonileta hapa ni yake."

Sultani akamwomba Bi Kirembwe, kwa neno la kuomba wala si la kuamuru, amletee sahani ya ule uliobaki. Akaletewa. Akatia tonge la kwanza, uso ukamkunjamana kama barua ya zamani. Akatia la pili kwa ajili ya heshima. La tatu akalitia mwenyewe bila kuangaliwa na mtu. Akamvika Mshangama joho lake alilokuwa amevaa, na kwa mara ya kwanza fukara yule akawa na nguo ya kuvaa siku ya kufua.

Ikafika Ijumaa. Watu wa Kitangani walijipanga njiani kama desturi kumsalimu Sultani akipita kwenda msikitini, wakaona kioja: machela inakuja tupu, hamali wameibeba kwa kidole kimoja wakipiga soga, na Sultani Mwidani yuko mbele yao kwa miguu yake, jasho linamtiririka, akisimama kila baada ya nyumba tatu kuvuta pumzi. Tabibu Dhulkifli alimfuata nyuma akimsihi, "Maulana, panda! Utaanguka!"

Sultani akamjibu bila kugeuka, "Niache, tabibu. Nimekwisha kupanda mara moja, nikajua uzito wangu."

Akaendelea kutembea. Na hekaya hii nayo imefika ilipokuwa ikienda; iliyo kweli ndani yake ni ya Mungu, na iliyopotoka ni ya ulimi wa msimulizi.